Wiki Nane za Kujifunza Kazi Yangu

Nilikuwa nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi na sita nilipoambiwa kwamba lazima nipelekwe shuleni nikafanye mazoezi ya kufundisha. Aliyeniambia ni mratibu wa kituo cha chuo pale Njombe, mama wa makamo, mpole, aliyevaa koti zito la sufu na kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili kwa sababu ya baridi. Hakuniambia kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuarifu kwamba ofisi inafungwa saa tisa.

"Ni sharti la shahada," alisema. "Kila mwanafunzi wa ualimu wa msingi anafanya wiki nane. Asiyefanya hamalizi."

"Lakini mimi ni mwalimu."

"Basi hutapata shida."

Nilirudi Makambako mchana ule nimefura. Mama anayeuza parachichi pale stendi alinisalimia, sikumwitikia. Nilifika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba kuna mtu alinisalimia.

Nieleze kwanza ilikuwaje mwalimu mzima, mwenye ajira na nyumba na bustani ya viazi, akaenda kujitafutia shahada.

Darasani kwangu aliwahi kupita binti mmoja aliyesoma vizuri kuliko wote. Akisimama kusoma, kidole chake kilitembea chini ya maneno, sauti ikapanda na kushuka panapotakiwa, na wenzake wakanyamaza kumsikiliza. Nilimwekea vema kila wiki. Alipofika darasa la tatu, mwalimu wake aliniita. Alimpa yule binti kitabu kipya, kilichokuwa kimetoka kwenye boksi asubuhi ile, akamwambia asome. Kidole kikaanza kutembea. Sauti haikutoka. Hakulijua hata neno la kwanza. Miaka miwili alikuwa akiwasikiliza wenzake wakisoma na kukishika kitabu kizima kichwani.

"Huyu hana akili," mwenzangu alisema tulipotoka nje.

Sikukubali. Mtoto anayebeba kitabu kizima kichwani ana akili kunizidi mimi. Tatizo lilikuwa kwangu. Nilikaa naye mwaka mzima, uso kwa uso, na sikuona. Cheti changu cha ualimu kilinifundisha nyimbo, kadi za silabi na namna ya kupanga madawati. Baadaye nilisoma stashahada, kipindi cha likizo baada ya likizo, na kule pia sikukuta mtu wa kunieleza jinsi mtoto anavyojifunza kusoma, na jinsi anavyoweza kukudanganya bila kukusudia. Niliposikia kwamba shahada ya ualimu wa shule ya msingi ina somo zima la jambo hilo, nikasema nitakwenda.

Masharti yalikuwa yamebandikwa ukutani pale kituoni, chini ya plastiki iliyoanza kukunjamana. Cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo kadhaa. Stashahada ya ualimu yenye wastani unaotakiwa. Namba ya uhakiki wa stashahada. Cheti cha kuzaliwa. Barua ya ruhusa ya mwajiri. Nilisimama pale nikahesabu kwa vidole, nikatabasamu. Nilikuwa navyo vyote.

Yule mama wa koti la sufu alivipanga vyeti vyangu mezani, akavitazama kimoja kimoja, akarudi kwa cha kwanza.

"Hiki cha kidato cha nne ni cha nani?"

"Changu."

"Jina si lako."

Nikainama kutazama. Jina la ukoo wetu lina herufi h katikati, ile ambayo mgeni asiyejua Kibena, lugha yetu, haisikii hata ukilitamka taratibu. Aliyeandika cheti cha kidato cha nne hakuisikia. Nilikuwa nimeishi na kile cheti nusu ya maisha yangu, nikaajiriwa nacho, nikapandishwa daraja nacho, na hakuna aliyeiulizia ile h.

"Ni herufi moja tu," nilisema.

"Mfumo haukubali."

"Huo mfumo uko wapi, niende nikazungumze nao?"

Alicheka. Mimi sikuwa natania.

Ilihitajika hati ya kiapo kutoka kwa wakili, na ndugu aliyenifahamu tangu kuzaliwa aje kuthibitisha. Mama yangu alitoka kijijini Kichiwa na viatu vyake vya shambani, akakaa mbele ya wakili kijana mwenye tai, mkoba mapajani. Wakili akamuuliza kama ana uhakika kwamba mimi ndiye mwenye majina yote mawili. Mama alinitazama, akanijibu mimi kwa Kibena, kwa hasira, kwamba yeye ndiye aliyenizaa, na kama wanataka ushahidi mwingine zaidi ya huo basi wamfufue mkunga. Wakili akauliza, "Amesemaje?"

"Amesema ana uhakika."

Hati ikaandikwa, ikagongwa mhuri. Namba ya uhakiki ikachelewa kwa sababu nayo ilibidi ifuate jina lililorekebishwa. Ilipotoka, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa siku sita nyuma. Nikamuuliza mratibu kama siku sita haziwezi kusamehewa. Akasema angekuwa yeye angesamehe, lakini mfumo umeshafunga. Nikasubiri mwaka mzima.

Mwaka uliofuata nikapokelewa. Tulisoma kwa likizo na mwisho wa wiki, wengi wetu walimu, wengine wakitoka mbali kama Matamba na mabegi mgongoni. Masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Nakumbuka siku ya kwanza ya lile somo nililolisubiri kwa hamu, somo la kufundisha kusoma. Mhadhiri alisimama akaeleza kwa Kiingereza jinsi mtoto wa Kitanzania anavyojifunza kusoma Kiswahili, na mifano yake yote ilikuwa ya maneno ya Kiingereza, maneno ambayo herufi zake hazisemi kile zilichoandikwa. Nikainua mkono. Nikamwambia kwamba Kiswahili hakina tabu hiyo, kinasomwa kama kilivyoandikwa, tabu ya watoto wangu iko kwingine: wanakuja shuleni na Kibena mdomoni na Kiswahili wanakikuta kwenye kitabu.

"Jambo zuri," alisema. "Andika kwenye kazi yako."

Nikaandika. Nilikesha na kamusi, nikatafuta maneno ya Kiingereza ya vitu ambavyo nilivijua vizuri sana kwa Kiswahili. Nilieleza watoto wanavyochanganya r na l kwa sababu Kibena hakina r, na jinsi wanavyosoma kwa kusikilizana. Karatasi ikarudi na wino mwekundu pembeni ya kila aya. Neno moja tu, limerudiwa: chanzo? Chanzo? Chanzo?

Nilimfuata baada ya kipindi. "Mwalimu, chanzo ni mimi. Nimeyaona haya darasani."

"Nakuamini," alisema. "Lakini lazima awepo aliyeyaandika."

"Nimeyaandika mimi."

Alinitazama kwa huruma, kama mimi ninavyomtazama mtoto aliyeandika namba tatu ikatazama upande usio wake.

Sitasema sikupata kitu. Katika muhula wa pili tulifundishwa kupima kama mtoto anasikia sauti moja moja ndani ya neno kabla hujampa kitabu, na nilipojaribu na watoto wangu Makambako niligundua saba ambao hawakuwa wakisikia kabisa. Jumatatu moja nikaanza nao upya. Kwa hilo peke yake ningeweza kuvumilia wino mwekundu wote. Lakini ndipo likaja sharti la mazoezi.

Mwalimu mkuu wangu aliandika barua nzuri kuliko zote alizowahi kuniandikia. Alieleza miaka yangu kazini, madarasa niliyofundisha, na kwamba yeye binafsi aliwahi kukaa nyuma ya darasa langu kujifunza. Mratibu aliisoma yote, akaikunja kwa adabu, akaiweka kwenye faili.

"Mwongozo unasema kila mwanafunzi," alisema.

"Naomba basi niyafanyie shuleni kwangu. Darasa ninalo, watoto ninao. Mkaguzi aje anikague palepale."

"Hairuhusiwi. Pale utapendelewa."

"Na watoto wangu watafundishwa na nani hizo wiki nane?"

Alikunywa chai kidogo. "Hilo ni la mwajiri wako."

Mwajiri wangu, maana yake mwalimu mkuu, hakuwa na mwalimu wa ziada. Darasa langu likaunganishwa na darasa la pili chini ya mwalimu mmoja aliyekaribia kustaafu, mwenye magoti mabovu, anayefundisha akiwa ameketi. Siku ya kuondoka niliwaaga watoto. Mmoja akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia ninakwenda kujifunza kufundisha. Walicheka wote, wakidhani nawafanyia mzaha, nami nikageuka kufuta ubao ambao ulikuwa tayari msafi.

Njombe nilifikia kwa shangazi yangu. Shule niliyopangiwa ilikuwa ya mjini, yenye walimu wa kutosha; darasa la kwanza pekee lilikuwa na walimu wawili. Asubuhi ya kwanza nilitambulishwa mstarini pamoja na vijana watatu ambao umri wao ulikaribiana na wa mwanangu wa kwanza. "Hawa ni wanafunzi wa mazoezi," wakaambiwa watoto, "muwaheshimu kama walimu wenu." Tukapewa benchi karibu na mlango wa ofisi ya walimu, mahali upepo unapoingilia. Kila andalio la somo nililipeleka kusainiwa na mwalimu mwenyeji wa darasa, kijana mwenye miaka minne kazini. Siku ya pili alinirudishia daftari bila kulifungua.

"Shikamoo mama. Mimi nitasaini tu, unisamehe. Na ukipata nafasi, niangalizie na la kwangu."

Nikawa ninasahihisha maandalio yake, naye anasaini yangu. Hivyo ndivyo sharti lilivyotimizwa.

Mkaguzi alikuja wiki ya tatu bila taarifa. Alikuwa mkufunzi kijana, msafi, sauti ya chini, na ubao wa kuandikia ulioshika fomu kwa kibanio. Alikaa nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kifuani. Andalio langu la siku ile lilikuwa la silabi ra, re, ri, ro, ru. Niliandika ra ubaoni, nikasoma, watoto wakaitikia kwa nguvu: "La!"

Nikasoma tena. "La!"

Binti mmoja wa dawati la mbele akainua mkono. "Mwalimu, mbona umeandika tofauti na tunasema hivyohivyo?"

Hilo swali nililisubiri miaka. Watoto wengi hawaulizi. Wanaandika "kalatasi" mpaka darasa la saba na wanachapwa kwa ajili yake. Andalio langu lilisema kwamba baada ya dakika tano niende kwenye re. Niliweka chaki chini.

"Nani amewahi kusikia bodaboda inapanda mlima imebeba gunia la viazi?"

Mikono yote juu.

"Inaliaje?"

Hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Darasa zima likanguruma. Nikawaambia washike kidevu wasikie ulimi unavyotetemeka, kisha waseme la wasikie ulimi unavyolala. Bodaboda, halafu kulala. Bodaboda, halafu kulala. Tukafika mahali nikawa natamka neno, anayesikia bodaboda anasimama, anayesikia ulimi umelala anakaa. Kura. Kula. Mahari. Mahali. Walikosea, wakacheka, wakaanza kupata. Yule binti wa mbele, macho yamefumbwa, kidevu kimeshikwa kwa mikono miwili, akasema polepole, "Rrrula." Akafumbua macho akanitazama kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyesema.

Kengele ikalia. Re, ri, ro na ru zilibaki kwenye andalio.

Mkufunzi alinikalisha kwenye ofisi ndogo ya mwalimu wa taaluma na kunisomea alichoandika. Malengo hayakufikiwa. Hatua za andalio hazikufuatwa. Zana hazikutosha. Darasa lilikuwa na kelele. Alisoma bila kiburi, akanyanyua uso na kunipa tabasamu la kunitia moyo.

"Una uwezo," alisema. "Ukizidisha juhudi utakuwa mwalimu mzuri."

Nilijua nikifungua mdomo haraka nitasema jambo la kunikosesha shahada, kwa hiyo kwanza nikakunja kitambaa changu cha mkononi mara nne.

"Mkufunzi, naomba kuuliza. Umewahi kufundisha darasa la kwanza?"

Hakukasirika. "Hapana," alisema. "Nilitoka kidato cha sita nikaenda chuo kikuu, nikabaki kufundisha chuoni." Akaitazama fomu, akaigeuza, akaigeuza tena. "Wewe umefundisha?"

"Miaka kumi na sita."

Aliweka kalamu mezani. "Sikuambiwa," alisema. "Fomu inaandika namba ya usajili tu." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu anayetaka kujua: "Ile ya bodaboda umeisoma wapi?"

"Sikuisoma."

"Ingefaa uiandike."

"Niandike wapi? Kila nikiandika naulizwa chanzo."

Alisema alama hawezi kuzibadilisha kwa sababu fomu haina sehemu ya kueleza alichokiona. Ina sehemu ya malengo, hatua, zana na nidhamu. Akasaini. Nikasaini chini yake, mahali palipoandikwa "mwanafunzi". Mlangoni alinipisha nitangulie, akaniambia, "Shikamoo." Alipofika alikuwa amenisabahi tu.

Nilimaliza wiki nane. Nilirudi Makambako Jumapili, na Jumatatu alfajiri nilikuwa wa kwanza shuleni. Nilikusanya daftari za watoto wangu. Zilikuwa safi kuliko nilivyoziacha, mwandiko umenyooka, mistari haikuvukwa. Yule mwalimu wa magoti, ambaye simlaumu hata kidogo, aliweza kufanya jambo moja tu akiwa ameketi mbele ya madarasa mawili: kuwapa kazi ya kunakili kutoka ubaoni. Walinakili wiki nane. Nikamwita mtoto mmoja anisomee mstari alioandika kwa mkono wake mwenyewe Ijumaa iliyopita. Alinionyesha mwandiko kwa fahari. Kusoma hakuweza. Nikamwita wa pili, wa tatu. Wale saba niliokuwa nimeanza nao upya walikuwa wamerudi pale nilipowakuta mwanzo. Nilikaa kwenye kiti changu mbele ya darasa na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilishindwa kuanza kipindi. Watoto walisubiri. Mmoja akaniuliza kama bado naumwa, maana ndivyo walivyoambiwa.

Mazoezi nilifaulu kwa wastani wa kawaida. Mitihani iliyobaki nilifaulu vizuri zaidi. Nikahitimu, mama alikuja na viatu vipya safari hii, akapiga vigelegele mpaka watu wakageuka.

Kisha nikapeleka cheti ofisi ya elimu ili taarifa zangu zibadilishwe. Ofisa aliyenipokea alikuwa mchangamfu, akanipongeza, akaufungua ukurasa wangu kwenye kompyuta.

"Hongera sana, Mwalimu. Sasa kwa elimu hii tunakutoa huko chini. Sekondari wana upungufu mkubwa."

"Sitaki kutoka."

Aliacha kuandika. "Unasemaje?"

"Shahada yenyewe ni ya shule ya msingi. Imeandikwa hapo kwenye cheti. Nataka kubaki darasa la kwanza."

"Mwalimu, watu wanaomba kutoka huko kila siku, wewe unaomba kubaki? Sasa shahada uliitafutia nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, tangu mtoto anayesikia sauti na asiyesikia, mpaka kwa nini mwenye elimu kubwa ndiye anayetakiwa kukaa na wadogo. Nilizungumza muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Alinisikiliza vizuri, mkono shavuni, akiitikia kwa kichwa panapostahili. Nilipomaliza alivuta pumzi.

"Maelezo mazuri sana," alisema. "Yaandike kwenye barua. Ipite kwa mwalimu mkuu wako, ipite kwa mratibu elimu kata, ndipo iletwe kwangu."

"Lakini nimeshakueleza wewe mwenyewe, hapa."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini kwa utaratibu sijaelezwa."

Barua niliandika siku hiyohiyo, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Mwalimu mkuu aliipitisha kabla ya chai ya saa nne. Kwa mratibu wa kata ilikaa wiki tatu. Sasa iko ofisini kwa yule ofisa, na nimeshapita mara mbili kuiulizia. Mara ya kwanza alikuwa kwenye mafunzo, mara ya pili aliniambia inashughulikiwa. Kwenye kumbukumbu zao bado sina shahada, wala sijahamishwa, wala sijakubaliwa kubaki. Naingia darasa la kwanza kila asubuhi saa moja na nusu kwa sababu hakuna aliyeniambia nisiingie. Wiki hii tuko kwenye silabi tha, the, thi, na waliong'oka meno ya mbele wananisumbua.